Habari ya Klipu za Boti Yetu

Katika mkutano mkuu uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza kwa nini boti ya chama ilikaa juu ya mchanga siku 6 katikati ya uchumaji, na kwa nini mfuko wa akiba umetoa fedha kuwalipa watu ambao karafuu zao zililowa. Adhuhuri ilikuwa imekaribia na watu wana njaa, basi Mwenyekiti akaagiza kwamba jibu liandikwe katika gazeti hili ili kila mmoja alisome nyumbani kwake kwa utulivu. Nasi twalitimiza agizo hilo. Twaomba radhi mapema, maana jibu ni refu kuliko swali, na tena sehemu ya lawama inairudia ofisi hii.

Jambo lenyewe ni klipu. Tunakusudia ule ukanda mdogo wa chuma wenye skurubu, unaouzungukia mpira wa maji na kuubana juu ya bomba lake usichomoke. Mwenye gari anazijua, na mwenye mashine ya kumwagilia anazijua. Katika boti ya chama zilikuwamo 8, na wengi wetu tuliopanda boti ile miaka yote hatukuwahi kuziona, kwa sababu zinakaa chini ya mbao, gizani, palipo na maji ya ngama na mafuta.

Siku ile boti ilikuwa inarudi kutoka ng'ambo ya hori, yapata saa 11 jioni, imechukua magunia 22 ya karafuu kavu na wachumaji 14, wengi wao akina mama, na watoto wawili wadogo. Sisi tulikuwa pwani na daftari la mizigo mkononi. Tulisikia mlio wa mashine ukibadilika, ukawa mzito, kisha kimya. Mwanzo tulidhani mafuta yamekwisha, tukaanza kumlaumu nahodha kimoyomoyo.

Kumbe nahodha alikuwa amefunua mbao akakuta maji yamefika nusu ya mashine. Mpira unaoingiza maji ya bahari kwa kupozea mashine ulikuwa umechomoka kwenye koki iliyo chini ya boti, kwa kuwa klipu iliyoubana imeachia. Akaishika koki aifunge, koki haikuzunguka. Haikuguswa tangu boti iliposhushwa majini. Aliyekuwa sababu ya kuokoka kwao, baada ya rehema ya Mungu, ni mama mmoja mchumaji aliyevua kanga yake ya mabegani, akaikunja na kumpa baharia aishindilie katika tundu. Wengine wakafua maji kwa ndoo na kwa sufuria walizopikia chakula, mpaka ngalawa mbili zikafika na kuwavuta pwani. Alhamdulillahi, watu wote walishuka salama. Magunia 9 ya chini yalilowa maji ya chumvi.

Baadhi ya wanachama wamesema kwamba tundu la mpira ni dogo na kwamba khabari hii imekuzwa. Basi tufanye hesabu. Tundu la koki ile lina upana wa milimita 25, na limo kama nusu mita chini ya usawa wa maji. Tundu la kadiri hiyo, katika kina hicho, huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika moja. Kwa nusu saa ni lita 1,500, yaani tani moja na nusu, ambayo ni sawasawa na kupakia magunia mengine 30 ya kilo 50 juu ya yale 22 yaliyokuwamo. Kila mmoja wetu anaijua boti yetu. Na aseme mwenyewe kama ingalichukua.

Asubuhi yake bamvua ilipotoa maji, boti ikakaa juu ya mchanga, na fundi akaingia chini akazifungua klipu zote 8 akazipanga juu ya jamvi mbele ya wajumbe wa kamati. Ilikuwa kioja. Ukanda wa kila klipu ulikuwa unang'ara kama kijiko kipya. Lakini skurubu zake, ambazo ndizo zinazoushika ukanda, zilikuwa zimeliwa na kutu. Mbili zilivunjika kwa ukucha wa kidole, na ile iliyoachia ilibakia nusu, nyekundu, inamomonyoka kama tumbaku kavu.

Na hapa ndipo ofisi inapokiri. Klipu zile tulizinunua sisi. Fundi alikuwa ametuandikia katika karatasi aina anayoitaka, tukenda dukani tukakuta aina nyingine, pakiti yake imeandikwa kuwa ni ya chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, na bei yake ni ndogo. Kwa klipu zote 8, tofauti ya bei haikufika bei ya kilo moja ya karafuu kavu. Tulifurahi, tukaandika katika daftari la matumizi kwamba tumeokoa fedha za chama. Fundi alipoziona alinuna lakini akazifunga, kwa kuwa karani ndiye aliyezileta.

Sasa tumeuliza na tumesoma, na tuliyoyapata twayaeleza hapa, maana wanachama wasiopungua kumi wana boti zao wenyewe zenye mashine.

Chuma cha stenlesi si kitu kimoja. Jina hilo ni kama kusema "karafuu" bila ya kutaja daraja. Mwaka 1913 huko Sheffield, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha kutengenezea mitutu ya bunduki, akaona kwamba chuma alichokichanganya na kromi kinakataa kutu. Sababu yake ni kwamba kromi ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba mno juu ya chuma, usioonekana kwa macho, nao ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzika, hewa ikiwapo, hujijenga tena wenyewe.

Adui wa utando huo ni chumvi. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 katika kila lita, nayo hutafuta mahali dhaifu katika utando na kutoboa vijitundu. Pabaya zaidi ni pale ambapo maji ya chumvi yamekaa katika ufa mwembamba bila ya kupata hewa, kwa sababu utando ukiharibika hapo hauwezi kujijenga upya. Na klipu ya mpira yote ni nyufa: chini ya ukanda, na zaidi ndani ya kile kikasha kinachoishika skurubu. Ndiyo maana klipu inaweza kung'ara juu na kuwa imekwisha ndani.

Katika madaraja ya chuma hiki matatu yatutosha kuyajua. La chini huitwa 430: lina kromi yapata sehemu 17 katika 100, bila ya nikeli. Linafaa jikoni na katika gari, halifai katika ngama. La pili ni 304, lenye kromi yapata sehemu 18 na nikeli 8. Hili ni zuri mahali pa juu panapopata hewa na kurushiwa maji tu. La tatu ni 316, ambalo pamoja na kromi na nikeli limetiwa molibdeni sehemu 2 hadi 3 katika 100, na hiyo molibdeni ndiyo inayolipa nguvu ya kuhimili chumvi. Daraja hili la tatu ndilo alilotuandikia fundi.

Watengenezaji wa Ulaya aghalabu hupiga muhuri wa alama juu ya klipu zao. W1 ni chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. W2 ni ukanda wa stenlesi na skurubu ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki. W3 ni klipu yote ya daraja la 430, W4 yote ya 304, na W5 yote ya 316. Klipu tulizozinunua, fundi alipozisafisha kwa petroli, ilionekana katika kila moja alama ndogo: W2. Pakiti haikusema uwongo wote. Ilisema nusu ya kweli, juu ya ukanda, ikanyamaza juu ya skurubu.

Tena katika W2 kuna hatari nyingine, ambayo kwetu ilikuwa ngeni. Madini mawili yasiyofanana yakigusana ndani ya maji ya chumvi, lililo dhaifu huliwa kwa ajili ya lile lenye nguvu. Mabaharia wanalijua jambo hili, maana ndiyo sababu ya kufunga vipande vya zinki chini ya boti. Basi hapa skurubu ni kitu kidogo na dhaifu, na ukanda ni mkubwa na wenye nguvu. Skurubu huliwa upesi kuliko ambavyo ingeliwa ikiwa peke yake. Kwa hiyo klipu ya chuma cha kawaida tupu pengine ni afadhali, kwa kuwa hiyo hushika kutu wazi mbele ya macho yako nawe ukaibadilisha. Ile ya nusu na nusu inakudanganya.

Mtu atauliza, nitajuaje dukani, na muuzaji mwenyewe hajui? Fundi wetu anatembea na sumaku aliyoitoa katika spika ya redio mbovu. Chuma cha kawaida na kile cha 430 hushikwa na sumaku kwa nguvu. Vyuma vya 304 na 316 havishikwi, au huvutwa kidogo tu pale vilipokunjwa na kugongwa kiwandani. Muhimu ni kuigusisha sumaku kwenye ukanda, kisha kwenye kikasha, kisha kwenye skurubu, kila kimoja peke yake. Sisi tungaliijaribu skurubu peke yake siku ile, tusingekuwa tunaandika makala haya. Lakini sumaku haiwezi kuipambanua 304 na 316. Hapo hakuna ila kutazama muhuri juu ya klipu yenyewe, wala si juu ya pakiti, na kununua kwa mtu ambaye ukirudi utamkuta. Muhuri ukikosekana, uihesabu klipu hiyo kuwa si ya 316.

Baada ya chuma, tazama umbo la ukanda. Klipu nyingi za bei nafuu ukanda wake umetobolewa vijidirisha ambamo meno ya skurubu hupita. Ukiibana sana, mpira hufura na kupenya katika vijidirisha vile, na kingo zake kali huukata kidogo kidogo. Isitoshe, kila kijidirisha kimeupunguza unene wa ukanda, na kutu ikianza hapo ukanda hukatika. Iliyo bora ni ile ambayo ukanda wake haukutobolewa, bali meno yamepigwa chapa juu tu, chini yake ni laini ukipitisha kidole, na kingo zake zimekunjwa kwenda juu. Kwa mipira ya maji ya bahari tafuta ukanda wenye upana wa milimita 12. Ule wa milimita 9 uachiwe mipira midogo. Kwa mpira mnene wa bomba la moshi, zile za bolti na nati hubana kwa nguvu zaidi na kwa usawa kuliko za skurubu.

Katika kupima ukubwa watu wengi hukosea, nasi tulikosea vilevile mwaka wa kwanza. Klipu hupimwa kwa upana wa nje wa mpira ulipokwisha vishwa juu ya bomba lake, si kwa tundu la ndani. Mpira wa tundu la milimita 25 wenye unene wa milimita 4 una upana wa nje wa milimita 33. Kwa huo chukua klipu iliyoandikwa 25–40, ili mpira uangukie kati na kati. Ukichukua kubwa mno, mkia wa ukanda hubakia mrefu na mkali, na mkono wa fundi hukatika. Tena klipu iliyokazwa hadi mwisho wake haibani duara, inabana kama yai.

Khabari ya klipu mbili. Kila mpira ulio chini ya usawa wa maji yafaa kila ncha yake ibanwe kwa klipu mbili, skurubu zake zikielekea pande mbalimbali. Haimaanishi kwamba klipu moja nzuri haina nguvu, bali moja ikikatika usiku, ya pili ishike mpaka asubuhi. Boti yetu ilikuwa na moja moja. Lakini kuna sharti: shingo ya bomba iwe ndefu ya kutosha klipu zote mbili zikae juu yake. Ikiwa ni fupi, klipu ya pili itabana mpira mtupu nje ya ncha ya bomba, na ncha ile itaukata mpira kwa ndani. Hapo afadhali moja ya W5 iliyofungwa vizuri, au kubadilisha shingo yenyewe.

Mahali pa kuogopwa kupita pote ni ule mpira mfupi mnene unaoishikilia shafti inapotoka nje ya boti. Mpira wa koki ukichomoka, koki ipo, kama inazunguka. Mpira wa shafti ukichomoka, hakuna cha kufunga. Hapo tusifanye uchumi wa aina yoyote. Mwenye bomba la moshi lililochanganyika na maji naye ajue kwamba klipu yake ikilegea hutoa maji pamoja na hewa ya sumu isiyo na harufu, na katika boti yenye kibanda hewa hiyo huua.

Kufunga kwenyewe: tumia spana ya milimita 7 kwa klipu nyingi za Ulaya, kwani bisibisi huteleza na kuharibu kichwa cha skurubu. Kaza mpaka mpira uanze kufura kidogo pembezoni mwa ukanda, kisha simama. Washa mashine ipate moto, izime, ipoe, halafu ukaze tena kidogo. Paka grisi juu ya skurubu. Na usifunge klipu mpya juu ya mpira mkongwe uliochanika ncha; kata ncha hiyo kwanza, kama mpira una urefu wa kutosha.

Nahodha wetu mmoja mzee, tulipomweleza haya yote, alitucheka. Akasema kwamba yeye amefunga mipira kwa waya wa shaba miaka mingi na hajazama. Hatukubishana naye, kwa kuwa ni mkubwa wetu na kwa kuwa ni kweli hajazama. Fundi alimjibu kwa adabu: "Babu, wewe waya wako ulikuwa unautazama kila siku." Mzee akanyamaza kidogo, akasema hilo nalo ni neno. Hakika klipu ya skurubu nayo ni kitu cha watu wa bahari: afisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Lumley Robinson, ndiye aliyepata hati ya klipu ya namna hii mjini London mwaka 1921. Lakini hata yeye hakutengeneza klipu isiyohitaji kutazamwa.

Kwa hiyo kutazama kumepangiwa siku. Hata W5 hushika kutu ikikaa katika maji ya ngama yasiyokauka, na aghalabu huanzia chini, upande usioonekana. Kila bamvua ya mwisho wa mwezi boti itakapokaa juu ya mchanga, baharia atapitisha kidole na kioo kidogo chini ya kila klipu. Rangi yoyote nyekundu, klipu hiyo inafunguliwa na kutazamwa ndani ya kikasha. Wakati huohuo kila koki itafungwa na kufunguliwa mara tatu. Na kando ya kila koki kumefungwa kwa kamba kizibo cha mti, kilichochongwa kwa kipimo cha tundu lake, ili siku nyingine isimlazimu mama wa watu kuvua kanga yake. Mama yule, kwa njia, chama kimempa kanga mpya doti mbili, nasi twaona ni kidogo.

Kuhusu fedha: wenye magunia 9 walizianika tena karafuu zao, lakini zilizoingiwa na maji ya chumvi hazikurudi katika daraja lake la kwanza. Kamati iliamua walipwe tofauti ya daraja kutoka mfuko wa akiba, kwa kuwa mzigo uliharibika ndani ya chombo cha chama na kwa kosa la chama. Siku zile 6 zilikwenda katika kuifungua mashine iliyoingia maji na kungoja klipu za W5 zifike. Hesabu yote, pamoja na risiti za klipu za kwanza na za pili, ipo mezani ofisini, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kuitazama siku za kazi kabla ya adhuhuri.

Tangu sasa vifaa vya boti havinunuliwi na karani peke yake. Fundi ataandika, karani atanunua, na fundi atavijaribu kwa sumaku yake na kutia sahihi kabla fedha hazijaingizwa katika daftari. Kamati imeamua pia kwamba mipira yote iliyo chini ya usawa wa maji ifungwe W5, na ile ya juu W4.

Wanachama wenye boti zao wanaotaka kuagiza pamoja na chama, ili gharama ya usafiri igawanywe, waje ofisini kabla ya mwezi kwisha, au wamtume mtoto na karatasi. Waandike upana wa nje wa kila mpira kwa milimita, idadi ya klipu, na kama mpira uko juu au chini ya maji. Asiye na kipimo aje na kipande cha mpira wenyewe. Sumaku ya fundi ipo pia ofisini siku za Jumamosi kwa atakayependa kujaribu klipu alizonazo. Aje nazo zikiwa zimeoshwa mafuta.